Mwenyekiti wa Kikundi Kisichokuwapo

Mlioniacha wiki jana kizingitini na samansi ya mahakama mkononi, mimi bado niko papo hapo kizingitini. Sogeeni.

Lakini kwanza nimweleze yule aliyefungiwa samaki kwa gazeti hili akajikuta anasoma. Mimi ni Stambuli Shee, wa Jomvu Kuu. Nimeendesha kreni bandarini Kipevu mpaka nikastaafu. Nina mke mmoja, Barke, binti mmoja, Tima, na nyumba moja ya mawe niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Vyote vitatu nilikuwa navyo kwa raha mustarehe mpaka vijana waliponiletea kompyuta.

Vijana wenyewe ni watatu. Abdillahi, mwalimu wa hesabu, kijana wa hapa hapa Jomvu. Ngumbao, fundi wa redio, ana kibanda chake Kisauni. Na Dishon, karani wa ofisi ya kutoa mizigo, mtu wa bara anayekaa Changamwe. Ofisi ya Dishon ilitupa kompyuta kuukuu, wao wakaiokota. Wakaja kwangu kuomba mahali pa kuiweka, kwa kuwa nyumba yangu ina stima na sebule kubwa. Nikakubali. Hilo ndilo kosa langu lote katika kesi hii, na mpaka leo sijaona mtu wa kunionyesha ubaya wake.

Wakawa wanakuja kila Jumamosi baada ya alasiri. Hakuna mshahara, hakuna ada, hakuna bendera. Wakatengeneza programu wakaiita Maji. Ukiiuliza, inakwambia saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa katika mlango wetu wa bahari. Aliyetaka alileta disketi yake akajaziwa bure, akapewa na kahawa ya Barke juu yake.

Sasa sikilizeni adabu inavyoweza kumponza mtu. Kila ukiiwasha Maji, jambo la kwanza kwenye kioo ni maneno haya: Kwa baraka za Mzee Stambuli Shee, Mwenyekiti. Hawakuniuliza. Kwetu huwezi kukaa sebuleni kwa mtu mzima, ukanywa kahawa yake, kisha ukaandika jina lako mbele ya lake. Mimi kompyuta ile niliigusa siku moja tu, siku ya mvua, nilipoifunika shuka kwa sababu paa lilikuwa likivuja.

Basi akatokea Bwana Nicanor, mkandarasi wa Port Reitz, akapata disketi, hatujui kwa nani. Akachukua tishari lake, chombo kile bapa cha kubebea mizigo mizito, akapakia kreni juu yake, akaliingiza mlangoni kwa saa aliyoambiwa na Maji. Maji hayakuwapo. Tishari likapanda fungu la matope upande mmoja. Baadaye maji yakaja, kwa saa yao wenyewe, yakainua upande wa pili, na kreni ikaingia topeni kichwa chini. Mtu hakuumia. Lakini mimi, mtu wa kreni, nilipokwenda kuiona, wallahi nilifuta machozi.

Kosa lilikuwa la mwezi. Maji hufuata mwezi, na programu ile ilihesabu kutoka siku mwezi mpya ulipoandama. Mashine nyingine zingepiga hesabu zenyewe. Yetu haikuruhusiwa. Abdillahi alisema mashine haina macho, haiwezi kuwaambia Waislamu mwezi umeandama, itangoja ithibati. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi iliuliza: Mwezi umeandama? N kwa ndiyo, H kwa hapana. Mwezi ule kwingine waliuona, kwetu kulikuwa na wingu, mtu akabonyeza H. Programu ikawa nyuma siku nzima, disketi zilizojazwa baada ya hapo zikalibeba kosa lile, na maji hayakungoja ithibati ya mtu.

Sisi wa Jomvu hatukudhurika. Sisi huangalia maji kwanza, kisha kioo. Bwana Nicanor ni mtu wa bara, aliamini kilichoandikwa.

Akashitaki. Na alipouliza amshitaki nani, kioo kikamjibu.

Haya, tuendelee.

Barke alinipeleka kwa wakili kwa kunisukuma mgongoni. Wakili mwenyewe ni Bi Agneta Mwarandu, ofisi yake Changamwe, juu ya duka la magodoro. Alisoma samansi, akanitazama, akaisoma tena.

"Mzee, kikundi chenu kimesajiliwa?"

"Hapana."

"Kina katiba?"

"Kina kahawa."

Hakucheka. Nikajua mambo si mazuri.

"Mzee Stambuli," akasema, "sheria inamjua mtu, na inaijua kampuni. Vijana wanaokutana Jumamosi haiwajui. Kikundi kama chenu hakiwezi kushitaki wala kushitakiwa. Mbele ya sheria hakipo."

Moyo ukanitulia. Nikavaa viatu. "Alhamdulillahi. Basi kesi imekwisha."

"Keti. Ndiyo kwanza inaanza. Kwa kuwa kikundi hakipo, mliopo ni nyinyi, mmoja mmoja. Bwana Nicanor ana hiari ya kumshika yeyote kati yenu. Atakayemshika ndiye atakayebeba mzigo wote, kisha awafuate wenzake mwenyewe, kwa wakati wake."

"Na kwa nini anishike mimi?"

"Jina lako liko mbele. Na una nyumba."

Nikamwambia lakini sisi tulitoa bure, hatukumwuzia mtu chochote, sadaka tu.

"Hilo nitalisema," akajibu. "Hakimu mmoja atasema aliyepewa bure asilalamike. Mwingine atasema mlijua watu wanaitegemea, mkaitoa hivyo hivyo. Hatujui tutampata yupi."

"Na kama tungejisajili tangu mwanzo?"

"Angeishitaki kampuni. Na mali ya kampuni ingekuwa kompyuta moja kuukuu na birika la kahawa."

"Birika ni la Barke."

"Basi hata birika lisingekuwamo."

Nikamwuliza kama tunaweza kujisajili siku ile ile, niko tayari kungoja. Akasema nikijisajili leo nitajikinga na ya kesho, lakini kreni imeshaanguka. Kisha akaniwekea sharti moja. Utetezi wetu ni kwamba hakuna kikundi, hakuna mwenyekiti, jina langu liliwekwa kwa heshima tu. Kwa hivyo mimi nisiseme neno na Nicanor. Wala vijana wasiseme naye.

"Mkifungua mdomo mtaniharibia," akasema. "Umenisikia?"

Nilimsikia. Jumamosi nikawafikishia vijana, neno kwa neno. Nikawaambia: msiseme na Nicanor habari ya kesi.

Waliniona nilivyokonda wakahuzunika sana. Abdillahi hakugusa kahawa. Wakanong'onezana uani, wakarudi na suluhisho.

"Mzee," akasema Abdillahi, "sisi ndio tuliokutia katika balaa hili. Sasa tutakutoa. Tumekata shauri tukuondoe katika uenyekiti."

"Uenyekiti gani? Wakili anasema haupo."

"Ndiyo, lakini kwa usalama."

Na kwa kuwa si adabu kumwondoa mtu mzima nyuma ya mgongo wake, waliniondoa mbele ya uso wangu, kwa heshima zote. Dishon akasimama akatoa shukrani kwa niaba ya watu wa bara. Ngumbao akaleta halwa. Abdillahi akasoma dua. Mimi nikasema amin, nikala halwa, nikalala usingizi mzuri. Sikujua kama mambo hayakuishia hapo.

Jumatatu Ngumbao akaja peke yake. Akavua kofia kabla sijamkaribisha, na kijana akivua kofia mapema hivyo hana habari njema.

"Mzee, jana tulikwenda Port Reitz."

"Kufanya nini?"

"Kwa Bwana Nicanor."

Nikakaa chini.

"Tuliona si vizuri," akasema, "tukuondoe bila ya kumwarifu mwenzio mnayedaiana naye. Tukachukua ile halwa iliyobakia tukaenda watu watatu. Abdillahi akamwambia, Bwana Nicanor, tumekuja kukuarifu ya kwamba kuanzia jana Mzee Stambuli si mwenyekiti wetu tena."

"Naye akasemaje?"

"Alifurahi sana, mzee. Alitukaribisha soda. Akasema, kumbe alikuwa mwenyekiti! Kisha akauliza nani mwenyekiti mpya."

"Nanyi mkasemaje?"

Ngumbao akaizungusha kofia yake. "Tukatazamana. Tukamwambia bado hatujapata."

Nikamwita Abdillahi. Nikamwuliza kama nilimwambia asiseme na mtu yule au sikumwambia. Akanijibu kwa upole, macho chini, "Ulituambia tusiseme habari ya kesi, mzee. Sisi hatukugusa kesi hata kidogo. Tulimpa habari za uongozi."

Vijana hawa wanajua hesabu ambazo mimi sizijui. Ningewapiga makofi, lakini walikuwa watatu na mimi nina magoti.

Bi Agneta nilipomweleza alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akaniuliza kama wamebakisha halwa.

Siku mbili baadaye, mchana, nikasikia hodi. Ni Bwana Nicanor mwenyewe, kilo mbili za sukari mkononi, amevaa shati jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikamjibu, maana salamu haina kesi.

Barke alikuwa jikoni. Akanung'unika kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, "Hata kahawa simpi! Ananywa nyumba yetu, atake na kahawa!" Kisha akaileta, na kaimati sita kwenye sahani, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akaziweka mbele yake kwa kishindo.

Bwana Nicanor akala mbili. Akasema, "Mzee, sina ubaya na wewe. Umri wako ni wa baba yangu. Lakini kreni ile niliinunua kwa mkopo, na kazi nimenyang'anywa. Nina watoto wanne shuleni. Niambie wewe, nimshitaki nani? Kompyuta?"

Wakili alikwisha nikataza kuwa na jibu. Nikamsukumia sahani.

Aliyoyasema yalikuwa ya haki, na hilo ndilo lililonichoma. Ningependa awe mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia ukapumua. Huyu alikuwa mtu aliyeangusha kreni.

Alipoinuka akatazama juu, kwenye boriti. Akapiga ukuta kwa kiganja, taratibu.

"Nyumba nzuri," akasema. "Imejengwa na watu waliojua."

Akaaga akaenda zake. Barke akaja akasimama mlangoni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi wewe kaa. Kaa hivyo hivyo. Siku watakapokuja kunitolea makabati nje nitawaambia wangoje, mwenyekiti anamaliza kahawa."

Hapo ndipo mimi, Stambuli, nikapata akili yangu mwenyewe, isiyotoka kwa wakili wala kwa vijana. Na kama mnavyonijua sasa, akili zangu zikija peke yake huja na msiba wake.

Nikajiambia: mtu hushitakiwa kwa kile alicho nacho. Nisipokuwa na kitu, atachukua nini? Magoti?

Ijumaa baada ya swala nikamwita maalim na mashahidi wawili. Nikasema mbele yao kwamba nyumba hii, kuta zake na uwanja wake, nimempa binti yangu Tima, hiba, kwa mapenzi, katika uhai wangu. Maalim akasema hiba haitimii mpaka mtoaji aikabidhi. Atoke nje, kisha aingie kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Nikatoka. Nikasimama njiani katika jua, majirani wakinitazama. Nikabisha mlango ambao nimeufungua na kuufunga tangu nilipoanza kutembea.

"Hodi!"

"Abee, baba!" akaitika Tima. Halafu akakumbuka. "Karibu. Karibu ndani."

Nikavua viatu kizingitini, nikaingia kama mgeni.

"Na mimi?" akauliza Barke. "Mimi nimekuwa nani humu?"

"Mgeni wa mwanao, kama mimi."

Tima ni msichana mkimya, hushona nguo za maharusi. Jumamosi vijana walipokuja yeye ndiye aliyekuwa akipitisha kahawa. Mtu wa kando kabisa na mambo ya kompyuta. Ndivyo nilivyodhani, na ndiyo sababu nilimpa yeye.

Kwa Bi Agneta sikusema neno. Niliona nitamshangaza.

Siku ya kesi tukavuka mjini. Tima nilimwambia abaki nyumbani, akanijibu "abee baba" kama kawaida yake. Vijana wote watatu walikuja, wakakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mimi nilikuwa mwepesi. Wiki tatu zilipita bila kujisikia vile. Niliapa kwa msahafu nikasimama kizimbani kama bwana harusi.

Bi Agneta akaniuliza yake, nikajibu kama alivyonifundisha. Hakuna kikundi. Hakuna mwenyekiti. Ni vijana, ni kahawa, ni heshima.

Kisha akainuka wakili wa Bwana Nicanor, mtu mrefu mwenye sauti ya chini.

"Mzee, unasema kikundi hakipo?"

"Hakipo."

"Na wewe hujawahi kuwa mwenyekiti?"

"Wa nini? Wa kitu kisichokuwapo?"

Watu wakacheka. Nikaona hata hakimu amekaza midomo.

"Lakini vijana walikuja kwa mteja wangu wakasema wamekuondoa. Waliondoa nini?"

"Walitaka kisa cha kula halwa, bwana."

Wakacheka zaidi. Bi Agneta akaniashiria kwa kidole nipunguze. Lakini mimi nilikuwa nimenogewa. Mtu asiye na nyumba huwa na mdomo.

"Sawa," akasema yule wakili, wala hakukasirika. "Kikundi hakipo. Naomba karani aandike. Sasa tuje kwenye mwezi. Programu iliuliza kama mwezi umeandama. Mtu akabonyeza hapana. Nani?"

"Sijui. Jioni ile mimi nilikuwa msikitini, na Abdillahi na jirani zangu wote, tukibishana juu ya mwezi huo huo. Ngumbao alikuwa kwake Kisauni, Dishon kwake Changamwe."

"Kwa hivyo nyumbani kwako hakukuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu wa kompyuta," nikasema, na wakati ule nilikuwa nikisema kweli yangu.

"Mimi nilikuwako."

Sauti ilitoka nyuma. Sikuhitaji kugeuka. Mtu huijua sauti ya mwanawe hata akiwa amelala.

Askari akamwendea. Hakimu akamzuia kwa mkono, akauliza ni nani huyo. Wakamleta mbele, buibui lake limekaa upande, inaonekana alikuja mbio.

"Naitwa Tima binti Stambuli. Abdillahi aliniachia disketi za watu nizijaze, kwani alikwisha nifundisha. Mashine ikauliza kama mwezi umeandama. Nikatoka uani nikaangalia. Kulikuwa na wingu. Nikangoja, nikaangalia tena. Sikuuona. Nikabonyeza hapana."

"Hukumwuliza mtu?" akasema hakimu.

"Iliniuliza mimi, mheshimiwa. Na mimi sikuuona. Ningesema ndiyo ingekuwa uongo."

Nilitaka kumfokea na nilitaka kumkumbatia, na kizimba kile kimezungushiwa mbao pande zote.

"Nimekuja," akaendelea Tima, "kwa sababu baba anabebeshwa langu. Sitaki."

Yule wakili mrefu akainama kidogo kama anayemwamkia. "Ahsante, binti. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Una mali yoyote?"

Bi Agneta akainuka kupinga. Alichelewa. Mtoto aliyelelewa kujibu wakubwa alikuwa keshajibu.

"Nina nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Ya Jomvu Kuu. Baba alinipa hiba Ijumaa."

Bi Agneta akaketi polepole. Hakunitazama. Aliitazama kalamu yake, akaifunga.

Bwana Nicanor naye akainamisha kichwa. Nina hakika alikuwa akiona haya, lakini haya haimwondolei mtu mkopo.

Wakili wake akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, shahidi ameapa hakuna kikundi. Nami nimemkubali. Basi binti huyu hakuwa akifanya kazi ya kikundi chochote wala ya mtu yeyote. Alifanya peke yake, kwa mkono wake, na peke yake atajibu. Naomba jina lake liingizwe katika kesi."

Mimi si mwanasheria, lakini hapo niliielewa sheria yote kwa mkupuo mmoja. Kama kikundi hakipo, Tima yuko peke yake na tishari, na kreni, na nyumba niliyomtwisha kwa mikono yangu. Kama kikundi kipo, basi tuko wengi chini ya mzigo ule, na wa kwanza ni mimi.

Hakimu akanigeukia. "Mzee, bado uko katika kiapo. Nakuuliza mara moja tu, ufikiri kabla ya kujibu. Kikundi kipo, au hakipo?"

Bi Agneta akatikisa kichwa, kidogo sana. Nilijua maana yake. Nikisema kipo, nimesema uongo juu ya msahafu asubuhi ile ile, na hilo lina kesi yake peke yake.

Tima akanitazama. "Baba, sema hakipo," akasema. "Niache mimi."

"Nyamaza," nikamwambia. "Huyu ni mtoto, mheshimiwa, hajui kitu. Kikundi kipo."

"Rudia."

"Kipo. Kimekuwapo tangu siku ya kwanza, sebuleni kwangu. Binti yangu ni mwanachama kama wengine, na alilolifanya alilifanya kwa niaba yetu sote. Na mwenyekiti ni mimi."

"Uliondolewa," akasema yule wakili.

"Nimerudi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kalamu ikikwaruza. Halafu akainua uso akatazama juu ya kichwa changu, mpaka mwisho wa ukumbi.

"Umesema sote. Sote ni akina nani? Wanachama waliomo humu ndani wasimame."

Nikawafikiria kabla ya kugeuka. Abdillahi mkewe amejifungua mwezi huu, na ana kiwanja chake alichokinunua kwa kujinyima miaka. Ngumbao ana kile kibanda, hana kingine. Dishon akitajwa katika kesi, ofisi yake haitamweka hata siku moja. Sina haki ya kuwadai. Walikuja kwangu na kompyuta, hawakuja na nyumba zao.

Tima alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu wote, mikono ndani ya buibui.

Nikageuka. Na kabla sijaona vizuri nikasikia benchi la nyuma likilia, kama linavyolia mtu anapoinuka, na benchi lile liko pale pale mlangoni; anayeinuka kusimama na anayeinuka kutoka, mlio ni mmoja.